Gitaa la Mjomba na Kikombe cha Njano

Jirani yangu ana ndoo ya plastiki iliyopasuka kitako, na kwa kuwa ni mtu asiyetupa kitu, juzi aliamua kuiziba mwenyewe. Alitia kisu kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu, akayeyusha nacho kipande cha beseni kuukuu, akawa anapaka ule uji kwenye ufa. Harufu ikapanda ukuta ikaingia kwangu dirishani. Mimi ni mtu mzima, nina watoto walionipita kimo, lakini niliacha mchele nusu haujachambuliwa nikatoka kusimama uani. Plastiki ikiungua, mimi bado naogopa kwamba baba yangu anakufa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Songea mnaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa yanauza chumvi na viberiti mara yakajaa sabuni za harufu, redio za kaseti na viatu vilivyovaliwa na watu wengine. Sisi watoto tuliamini kila kizuri kinatoka Dar es Salaam. Kumbe na kibaya kilikuwa na njia hiyo hiyo. Mjomba wangu Kanuti, mdogo wake Mama, aliondoka kwetu Mshangano akiwa kijana mwenye mashavu, akaenda Dar kupiga gitaa kwenye bendi. Alirudi na vitu viwili: gitaa ambalo hatujawahi kuona mfano wake, na ugonjwa ambao hakuna mtu nyumbani aliyeutaja kwa jina.

Aliugua kwetu masika yote, kwenye chumba cha nyuma. Alikonda, akakohoa, akajikuna. Kujikuna ndiko kulikoniingia zaidi, maana kuta zetu zilikuwa nyembamba na nilimsikia mchana kutwa, kwaru kwaru, kama kuku anayechakura. Mama alimpikia uji, Baba alimwogesha na kumnyoa ndevu. Nyumbani tulikuwa na kikombe kikubwa kimoja, cha bluu, cha bati lililopakwa rangi na kubanduka ukingoni, tukinywa maji kwa kupokezana. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyekuja siku moja kutoka Maposeni na kikombe kingine, cha plastiki, cha njano. Alimkabidhi Mama mlangoni.

"Wifi, una mtoto humu ndani," alisema.

Mama alikipokea. Tangu siku hiyo Mjomba alikunywa kwenye cha njano, na sisi kwenye cha bluu.

Alipofariki, nguo zake zilichomwa, na godoro likachomwa. Kwao Mama, huko ufukweni Nyasa, marehemu huwekewa kaburini kikombe alichokuwa akinywea, kikiwa kimetobolewa kitako. Cha Mjomba hakikuwekwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kukishika. Mtu mmoja alikisukuma kwa kijiti mpaka kwenye rafu ya juu kabisa jikoni, nyuma ya chungu, kikabaki hapo. Halafu wakaleta gitaa ili nalo litiwe motoni, na Baba akasimama.

"Hili niachieni," alisema.

"Kaka, hata hilo amelishika," Shangazi alimwambia.

"Najua. Nilimwahidi nitalitengeneza."

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na magitaa ya kwaya zote za upande wetu yalipita mikononi mwake. Alikuwa anayatengeneza kwa mbao, na yakiharibika anayarudishia uhai. Wapigaji walimletea shingo ambazo vile vyuma vyembamba, vile wanavyobania nyuzi kwa vidole, vimelika mpaka sauti inakoroma. Baba aliving'oa vyuma vya zamani kwa koleo, akapachika vipya alivyovichonga mwenyewe kwa spoki za baiskeli. Kazi hiyo niliipenda. Nilikaa mlangoni kwake nikiokota vipande vya spoki vilivyobaki na kuvifanya watu.

Lakini gitaa la Mjomba sikulipenda tangu mwanzo. Mengine yote yalikuwa na mgongo bapa, hili lilikuwa na mgongo wa mviringo, mweusi, unaong'aa, kama kibuyu kikubwa kilichopasuliwa katikati. Ufa ulikuwa umepita mgongoni tangu lilipoanguka kutoka kwenye lori. Shingo nayo ilikuwa nyeusi ya namna hiyo hiyo, baridi, haina nyuzinyuzi za mti. Niliuliza ni mbao gani. Baba aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Hii si mbao, mama. Wala si bati. Wamepika kitu huko kwao, wakakimimina, kikaganda."

Alianza kulishughulikia baada ya mavuno, wakati wa baridi ile ya Songea inayomfanya mtu afunge madirisha na kukaa na moshi wake ndani. Alipasha chuma cha kulehemu kwenye mkaa, akakiweka juu ya kila chuma cha shingo ili gundi ilegee. Mbao ikipashwa hivyo hunukia vizuri. Hili lilitoa harufu kali, ya kuingia hadi nyuma ya koo, ile ile iliyonitoa nje juzi. Baba alilalamika kila alipopachika spoki mpya. Mti ukipigiwa chuma husogea kidogo halafu hukibana, alisema, lakini kitu hiki hakimpishi mtu na hakimshiki mtu. Ilibidi apanue kila mfereji kwa msumeno mwembamba, atie gundi, halafu asugue shingo yote kwa msasa. Mgongoni pia alisugua, ili aweze kuziba ule ufa. Na kwa kuwa lile tumbo la mviringo halikulala juu ya meza wala halikushikika kwenye jiliwa lake la kubania mbao, Baba alilipakata. Alivua shati abaki na singlendi, akalikumbatia kwa mkono wa kushoto, akalibana kwa mapaja, akasugua na kupuliza vumbi kwa mdomo, kama alivyopuliza vumbi la mbao maisha yake yote.

Mimi nilimtazama kutoka mlangoni nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo Mjomba alivyokuwa analishika.

Siku chache baadaye, tukiwa tumezunguka sinia, Baba alijikuna mkono. Upande wa ndani, karibu na kiwiko. Mama alimwangalia, halafu akaangalia pembeni haraka. Kesho yake alijikuna kifuani, kisha shingoni. Akaanza kukohoa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba yetu ilikuwa imeshaumwa.  Niliijua njia nzima, jinsi inavyoanza na inavyokwisha, na niliogopa hata kupumua nikiwa karibu naye, na papo hapo nikaona aibu kuogopa, kwa sababu huyo alikuwa Baba.

Nilifanya hesabu yangu ya kitoto na jibu likaja lenyewe. Mjomba alilipakata gitaa, akajikuna, akakohoa, akafa. Baba analipakata gitaa, anajikuna, anakohoa. Ugonjwa unaishi ndani ya gitaa. Ndiyo maana tumbo lake limevimba hivyo.

Na kila nilipoingia jikoni niliangalia rafu ya juu, nyuma ya chungu. Kikombe kikiwa bado kipo, nilijiambia, Baba ni mzima. Kwangu ugonjwa ulikuwa na mlango mmoja tu, na ulikuwa wa njano.

Siku moja mchana Mama aliandaa ugali na maharage. Baba alikuja amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kooni. Hakukaa kwenye mkeka. Alisimama, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mama, akasogeza chungu, akakishusha kile kikombe. Akakifuta vumbi kwa upindo wa shati.

"Baba Tasiana, hicho cha nini?" Mama aliuliza.

"Kifua kinanisumbua. Nipakulieni pembeni. Nisije nikawaambukiza."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nakumbuka nililiminya mpaka likapenya katikati ya vidole. Mama alinyanyuka, akachukua sahani, akampakulia. Baba alikwenda kula kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana yake, ametupa mgongo. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi siku hiyo.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba siku moja alipokuwa akimnyoa Mjomba, wembe ulimkata na yeye kidole. Hakumwambia mtu. Alirudi zake karakana akatia kidole kwenye mafuta ya taa, akaendelea na kazi, akisubiri. Alipoanza kuwashwa, aliona kwamba alichokuwa akisubiri kimefika.

Shangazi alikuja kutuletea karanga. Alikiona kikombe cha njano kimefunikwa peke yake juu ya kigoda, akaweka kikapu chini taratibu. Alimvuta Mama jikoni, nami nikajibanza nyuma ya mlango.

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie aende akapime."

"Akipimwa akaambiwa ndiyo, nifanye nini mimi?"

"Angalau tujue."

"Wewe ndiye unayetaka kujua," Mama alisema. "Mimi nataka aendelee kuamka asubuhi. Basi."

Shangazi akaanza kulia kwa sauti ya chini. Kulia kwake kulinimaliza, kwa sababu Shangazi alikuwa mwanamke wa kufokea hata mbuzi wa watu, na sikuwahi kudhani ana machozi. Nilielewa kwamba watu wazima wameshakata tamaa. Basi kama kuna mtu wa kumwokoa Baba, ilibidi awe mimi.

Asubuhi iliyofuata Baba alikwenda sokoni kutafuta gundi. Niliingia karakana. Gitaa lilikuwa limelala juu ya gunia, limesuguliwa mgongo mzima, limekuwa la kijivu na limejaa vumbi, na vyuma vya shingoni vinang'aa vipya. Nililiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa aliyelala. Nilifumba macho, nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, kidevu juu yake, nikatoka nalo mbio nyuma ya nyumba mpaka kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mabua yalikuwa bado yamesimama. Nikalilaza humo katikati, nikalifunika kwa mabua mengine, nikarudi nikijisikia kama nimebeba maiti na kuizika mwenyewe.

Sikuwa hata nimefika mlangoni nilipoanza kuwashwa.

Mikono kwanza, upande wa ndani. Kisha kifua, kisha chini ya kidevu. Nilijikuna mpaka nikatokwa na vipele, na kadiri nilivyojikuna ndivyo ilivyozidi. Sijawahi tena kuogopa vile, hata siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza na kuambiwa kitovu kimemzonga. Nilikwenda kukaa nyuma ya migomba, mbali na kuku, nisije nikawaambukiza. Nilimwaza Mama akibaki peke yake kwenye sinia. Nilijaribu kukumbuka kama Mjomba alilia, nikakumbuka kwamba hakulia, na nikaona mimi sitaweza kuwa hodari hivyo.

Mama aliniita chakula. Nilikuja, nikasimama mbali na mkeka.

"Kaa ule."

"Mama, na mimi nipewe kikombe changu."

Aliuachia mwiko ukaanguka. Nakumbuka ulivyobiringika mpaka kwenye mafiga. Alinijia, akanishika mkono pale pale penye vipele, mimi navuta nisimguse, yeye hataki kuniachia, akaniburuta mpaka nje kwenye jua.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi ipi?"

"Ya leo."

 Uso wake ulikuwa umeshika njia ya kulia, halafu ukasita. "Umepita kwenye upupu?" aliuliza. Nilitikisa kichwa, lakini hakunisubiri nijibu. Kila mama wa kwetu anajua la kufanya mtoto akiguswa na upupu. Alikwenda kuchukua tonge la ugali, akalikanda likalainika, akalibiringisha juu ya mkono wangu, chini juu, chini juu, ili ling'oe vile vinyweleo. Kisha akaligeuza kulitazama.

Lilikuwa linametameta. Aliliinua karibu na jicho. Ndani ya ugali kulikuwa na vinyuzi vidogo vidogo, vyembamba kuliko unywele wa mtoto, vikichezea jua kama vipande vya chupa.

"Tasiana. Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia yote. Gitaa, mabua, Mjomba, ugonjwa ulio ndani ya tumbo. Nilidhani atanichapa. Badala yake alifungua kanga yake kidogo kiunoni, hapo hapo uani, akanionyesha. Kiuno chote kilikuwa na vipele kama vyangu. Tangu alipofua mashati ya Baba pamoja na kanga zake kwenye beseni moja, alisema, na hakumwambia mtu. Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunajikuna kwa kujificha, kila mmoja kwenye kona yake, kila mmoja anamlilia mwenzake.

Baba aliporudi na gundi yake, Mama hakumpa hata nafasi ya kusalimia. Alimfungua vifungo vya shati pale mlangoni, akambiringishia tonge lingine kifuani, akalipeleka juani.

"Tazama. Tazama, Baba Tasiana. Kanuti ugonjwa ulimla miaka. Huu umemshika mtoto kati ya chai na ugali. Ugonjwa gani unaokwenda mbio hivyo? Huu ni upupu wa gitaa lako."

Baba alitazama lile tonge. Akatazama mikono yangu. Akakaa kwenye kizingiti, akaniambia kwa sauti ambayo sikuijua, "Nilikuwa nimeshapanga dada ndiye atakayekulea." Kisha akacheka, akakohoa, akacheka tena, na machozi yanatiririka mpaka kwenye singlendi.

Gitaa alilimalizia nje, upepo ukimtoka nyuma, kitambaa kimefungwa puani, na msasa akauchovya kwanza kwenye kopo la maji ili vumbi lile la nyuzi za kioo lisiruke. Upupu ulikwisha. Kikohozi nacho kilipungua, ingawa hakikumwacha kabisa mpaka uzee wake. Na kwa sababu ya ule wembe alikwenda kupimwa hata hivyo. Alirudi kwa miguu kutoka hospitali, amekunja uso, akamwambia Mama neno moja, "Salama." Halafu akaongeza kama mtu anayetua mzigo usio wake.

"Sista anasema kikombe hakiambukizi."

"Hakiambukizi?"

"Hakiambukizi. Wala kula sahani moja."

Nilitegemea Mama afurahi. Aliingia jikoni akafunga mlango, na hatukula mchana huo mpaka Baba alipochemsha mihogo mwenyewe.

Ilipofika Siku ya Marehemu Wote, kabla mvua hazijaanza, tulikwenda kupalilia kaburi la Mjomba. Baba alibeba gitaa. Mama alibeba jembe, na chini ya kanga alikuwa na kitu ambacho sikukiona mpaka tulipomaliza kung'oa majani. Alikitoa akampa Baba pamoja na msumari. Kilikuwa kile kikombe chetu cha bluu.

"Mama, hicho si ndicho tunachonywea?" niliuliza.

"Ndicho."

Baba alikitoboa kitako kwa msumari na jiwe. Mama akakiweka kichwani mwa kaburi, akakizungushia udongo ili kisiyumbe, akakishika kwa muda kama anavyoshika mtu paji la uso la mgonjwa.

"Kunywa nasi, Kanuti," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Niliogopa."

Baba hakuwa mpigaji, alijua wimbo mmoja tu wa kujaribia kazi, na ndio alioupiga. Vile vyuma vya spoki havikukoroma hata kimoja. Tulirudi nyumbani tukiwa na kiu. Mama alifungua mtungi, akachukua kikombe cha njano, akachota maji, akanywa nusu, akampa Baba. Baba akanywa, akanipa mimi. Tulikitumia hicho miaka yote iliyobaki ya utoto wangu.